Kabla ya Kisomeo, Mfuko Wake



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Manyoni, na Jumamosi moja asubuhi nikaenda kusali na jumuiya yangu. Tulisoma Injili, tukashirikishana, tukatoa maombi na michango, yakafuata matangazo. Watu walipoanza kukunja mikeka, mama mwenyekiti alinigeukia mbele ya wote akauliza, "Frateri, kile kitabu chetu cha umeme bado kinasoma?" Nikajibu, "Kinasoma, mama." Ulikuwa uongo. Kitabu hicho kilikuwa kimekufa miezi saba nyuma, ndani ya begi langu, kikiwa kimevalishwa mfuko mzuri wa kitenge ambao nilikuwa nikiuonea fahari.

Naandika makala hii kwa sababu ya mfuko ule. Najua wapo watakaocheka kwamba gazeti la seminari linajadili mifuko. Wacheke, lakini wasome, kwa maana mwaka huu nimehesabu wenzangu wanne ambao visomeo vyao vimekufa kwa namna ile ile, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa zawadi za parokia.

Kwa wasomaji wa parokiani ambao hawajakishika kifaa hiki: ni chembamba kama daftari dogo, uso wake unafanana na karatasi, na chaji moja yaweza kukaa wiki kadhaa. Kampuni ya Amazon ilitoa Kindle yake ya kwanza mwaka 2007, na huku kwetu kila kifaa cha aina hiyo tunakiita Kindle hata kama kimeandikwa Kobo. Mimi nitakiita kisomeo. Ndani yake mseminari hubeba Biblia, Katekisimu, hati za Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Mababa wa Kanisa, na vile vitabu vya falsafa ambavyo maktaba ina nakala moja na foleni ya watu kumi na wawili.

Changu kilinunuliwa na jumuiya nilipokuwa najiandaa kuanza teolojia. Kilikuwa kimeshatumika, hivyo bei yake ilipungua, lakini kwa watu wanaolima alizeti na mtama kwa kutegemea mvua moja ya mwaka, zilikuwa fedha nyingi. Mmoja alitoa jogoo. Wengine walitoa alizeti kwa debe. Mzee mmoja ambaye hasomi bila kushikiwa miwani alitoa elfu mbili na kusema ni kwa ajili ya kurasa atakazokuja kuzisikia kwenye mahubiri yangu. Siku ya kukabidhiwa hakuna aliyetaja mfuko, wala mimi sikuutaja. Tulidhani kitu kimenunuliwa, kumbe kilikuwa kimenunuliwa nusu.

Huo ndio msimamo wangu, na nauweka mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kunishikia: mfuko ni sehemu ya kisomeo, fedha yake itengwe kabla ya kununua kifaa, na uchaguliwe kwa kuangalia namna kisomeo kinavyokufa. Wengi tunachagua kwa kuangalia kinavyopendeza mkononi.

Kinakufaje basi? Tumezoea simu, kwa hiyo tunaogopa kuanguka. Kisomeo pia huanguka, lakini ukiwauliza waliopoteza vyao, wengi watakuambia walikitoa tu begini wakakikuta kimekwisha. Sababu iko ndani. Chini ya uso tunaougusa kuna tabaka la wino wa kielektroniki, yaani vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi zinazopanda na kushuka kwa msukumo wa umeme. Chini ya tabaka hilo, katika visomeo vingi, kuna bamba la kioo jembamba sana lenye saketi za kuziongoza chembe hizo. Hilo ndilo linalovunjika. Halingoji pigo. Kukunjwa kidogo kunatosha, au kubanwa na kitu chenye kona: kifuniko cha chupa, kichwa cha chaja, ukingo wa kitabu kigumu, goti la abiria aliyeketi juu ya begi lako bila kujua. Kwa nje huoni ufa. Ukikiwasha, nusu ya ukurasa imeganda na mistari imesimama kama mvua.

Kwa kuwa wino huo hauhitaji umeme ili kubaki mahali pake, ukurasa wa mwisho uliokuwa wazi hubaki pale pale. Changu kiliganda kwenye Maungamo ya Mtakatifu Augustino. Nusu ya juu inasomeka mpaka leo.

Si mkasa wa mafrateri peke yao. Shirika la Worldreader lilianza kupeleka visomeo katika shule za Ghana mwaka 2010, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya vifaa vilivyogawiwa vilikuwa vimevunjika. Vilikuwa mikononi mwa watoto, ndiyo, lakini mtoto wa shule na frateri wanabeba begi la aina moja: vitabu, viatu, chakula na kisomeo, vyote vikisuguana njiani.

Sasa tazama mfuko wangu. Nje kitenge, katikati sponji, ndani flana, juu zipu. Ulikuwa laini kama mto wa mtoto mchanga, na ulaini huo ndio uliotudanganya mimi na fundi. Sponji hupunguza mshtuko kitu kikianguka. Haizuii kubanwa. Siku ile nikisafiri kutoka Manyoni kwenda Tabora, begi langu lilikaa kwenye buti la basi, na juu yake likapandishwa gunia. Sikuwekewa kwa ubaya. Niliyepaswa kushika begi langu miguuni ni mimi. Barabara ya Itigi hadi Tabora sasa ina lami, hakuna mashimo ya kulaumu. Lile gunia lilikandamiza, sponji ikalala, na kichwa cha chaja nilichokuwa nimekiweka mfuko wa pembeni kikaingia katikati ya kioo kama kidole.

Kwa hiyo fanya jaribio hili kabla ya kulipa. Weka mfuko mtupu mezani, kandamiza katikati kwa kidole gumba. Kama kidole kinaihisi meza, mfuko huo utazuia mikwaruzo na si zaidi. Unachotafuta ni kitu kigumu upande wa kioo. Wanaouza dukani wanayo makava ya kukunjwa, yenye mgongo mgumu na ubao mgumu unaofunika uso, na ukipata la saizi yako halisi nunua hilo. Ukikosa, fundi cherehani yeyote wa mjini Manyoni anaweza kukushonea mfuko wenye ugumu ndani yake. Wa kwangu wa sasa una majalada mawili ya kaunta buku yaliyogundishwa pamoja, yakawekwa kati ya turubai na bitana, upande wa uso tu. Mwenzangu mmoja alitumia plastiki ya faili gumu. Mwingine akaweka kipande cha plaiwudi, akaishia na kitu kizito kama kigae, lakini kisomeo chake kizima.

Mfuko wa namna hiyo lazima uwe na upande wa uso unaotambulika hata gizani, kwa sababu mara nyingi tunauingiza kisomeo baada ya taa kuzimwa. Wa kwangu una kifundo cha uzi kwenye kona. Nikigusa kifundo najua kioo kiko upande gani, na kwenye begi naupanga uso huo uelekee mgongo wangu, au uelekee kitabu kipana kilicho bapa.

Nimezungumza juu ya kubanwa kwa kirefu, lakini anayeishi Manyoni anangoja nitaje vumbi. Mvua zetu huanza Novemba mwishoni au Desemba na hukoma Aprili. Miezi inayobaki ni ukavu, na kuanzia Agosti upepo unachukua ardhi na kuigawa nyumba hadi nyumba. Ukienda kigango kwa bodaboda unarudi na nyusi nyekundu. Katika hali hiyo wapo wanaojipa moyo kwamba kisomeo chao "hakipitishi kitu" kwa sababu kwenye boksi kimeandikwa IPX8. Tusome vizuri alama hiyo. Tarakimu ya mwisho inahusu maji: kwa Kindle Paperwhite za tangu mwaka 2018 ina maana ya kustahimili kuzama katika maji baridi yasiyo na chumvi, kina cha mita 2, kwa dakika 60. Mahali pa tarakimu ya kwanza, panapohusu vumbi, pamewekwa X. X maana yake ni kwamba kifaa hakikupewa daraja lolote kwa upande wa vumbi. Yaani kimethibitishwa kwa ajili ya bwawa la kuogelea, ambalo sisi hatuna, na kuhusu vumbi letu boksi limenyamaza.

Kwa hiyo mfuko wa Manyoni uwe na mdomo unaofunga. Kava la kukunjwa peke yake huacha kingo tatu wazi, na tundu la chaji liko kwenye moja ya kingo hizo. Mfuko ulio wazi juu ni mbaya zaidi: unakusanya vumbi chini kama mfuko wa suruali. Mimi napendelea kifuniko kinachokunjika kama bahasha na kushuka angalau vidole vinne, kikafungwa kwa kamba au kifungo. Zipu nayo inafaa, mradi iwe ya plastiki na iwe na ulimi wa kitambaa kwa ndani, maana meno ya chuma yatauchora uso wa kisomeo kila unapokiingiza. Ile gundi ya nguo inayobanduliwa kwa mlio, siipendi. Inakamata nyuzi na vumbi mpaka inaacha kushika, na tena mlio wake wakati wa kuabudu Ekaristi Takatifu huwageuza watu vichwa safu tano mbele.

Hapa kuna jambo ambalo wanaouza mifuko hawalisemi. Vumbi likishaingia ndani, mfuko unageuka kuwa adui. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko plastiki, na kisomeo kinachoingia na kutoka mara sita kwa siku katika mfuko wenye mchanga kinapigwa msasa mara sita kwa siku. Flana, ambayo tunaipenda kwa ulaini wake, inashika chembe hizo na kuzitunza. Bitana laini ya koti ni bora, haishiki kitu. Na mfuko ushonwe kwa namna ambayo unaweza kupinduliwa ndani nje, ukakung'utwa. Nafanya hivyo kila Jumamosi ninapopiga pasi kanzu, na kinachodondoka sakafuni hunishangaza bado.

Mvua inafika pia, na inapofika Manyoni haibishi hodi. Zamani tungesema weka ndani ya rambo umalize, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na nisingependa frateri akamatwe kwa kulinda Mababa wa Kanisa. Turubai jembamba lililopakwa plastiki upande mmoja, kama lile la mabegi ya shule, hukinga manyunyu vya kutosha. Mfuko ukilowa, kitoe kisomeo, ukauke kwanza.

Lakini kioevu kinachoua visomeo katika mkoa wetu wa Singida sidhani ni maji. Nani kati yetu anarudi seminarini bila chupa ya mafuta ya alizeti na chupa ya asali ya Itigi? Mama hawezi kukuacha uondoke mikono mitupu, na chupa hizo mara nyingi zina vifuniko vya soda vilivyobanwa kwa karatasi ya nailoni. Daraja la IPX8 halisemi lolote kuhusu asali. Mafuta ya alizeti hupenya kitenge, hupenya sponji, na yakishaingia kwenye sponji hayatoki. Turubai linasaidia, lakini hapa sishauri mfuko. Nashauri begi la pili. Chakula kisafiri na chakula.

Joto nitaligusa tu. Amazon huandika kwamba Kindle zake zitumike kati ya nyuzi joto 0 na 35, na zihifadhiwe mahali pasipozidi 45. Gari lililofungwa juani mchana wa Oktoba hupita hapo bila shida. Mfuko hauzuii joto, kwa hiyo usikiache kwenye dashibodi kwa kuamini kimefunikwa.

Kuhusu kipimo, nimeona fedha nyingi zikipotea. Mtu anaambiwa kisomeo chake ni "inchi sita", anapiga simu Kariakoo, anatumiwa mfuko wa inchi sita, hauingii. Inchi hizo ni za mshazari wa kioo, hazihesabu fremu. Kindle ya kawaida ya mwaka 2022 ina urefu wa karibu milimita 158 na upana 109. Paperwhite ya mwaka 2021 ni karibu 174 kwa 125. Majina yanafanana, miili haifanani, na kava lililotengenezwa kwa moja halimshiki ndugu yake. Agiza kwa milimita: urefu, upana na unene. Kama ni fundi wa hapa nyumbani, mpelekee kifaa chenyewe, mkae pamoja, akipime kikiwa mezani. Aache nusu sentimita kila upande, asizidishe. Mfuko mpana sana unakiacha kisomeo kikichezacheza, na mfuko unaobana unakulazimisha ukisukume kwa kidole gumba, na kidole hicho kinasukuma wapi? Kwenye kioo.

Na ngozi? Swali hili nimeulizwa na wazee kuliko vijana, kwa sababu wao wanakumbuka vitabu vya sala vya mapadre wamisionari vilivyovikwa ngozi. Ni swali zuri, na Kanisa lina historia yake hapo. Jirani zetu wa Ethiopia wametunza vitabu vyao vya ibada kwa karne nyingi ndani ya mikoba ya ngozi iitwayo mahdar: kitabu chenye majalada ya mbao huingizwa katika mkoba uliokatwa kwa kipimo chake, kifuniko hushuka juu, na mkanda wake huwezesha kuutundika ukutani au kuubeba begani njiani. Angalia walichokifikiria. Ugumu uko ndani, kwenye mbao. Ngozi iko nje kwa ajili ya safari na vumbi. Mdomo unafunikwa. Kila kitu nilichokieleza hapo juu kwa maneno mengi, wamonaki wale walikwisha kukishona.

Wanaosoma Agano Jipya watakumbuka kwamba Mtume Paulo, katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, anaomba aletewe kitu alichokiacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Tafsiri zetu husema kitu hicho ni joho. Lakini neno la Kigiriki lililotumika liliwatatiza watu tangu zamani. Mtakatifu Yohane Krisostomo, akihubiri juu ya barua hiyo, anataja kwamba wapo waliolielewa kuwa ni mfuko wa kuwekea vitabu, na tafsiri ya kale ya Kisiria inaliita, neno kwa neno, nyumba ya vitabu. Wafafanuzi wengi wa leo wanabaki na joho, kwa kuwa majira ya baridi yalikuwa yanakaribia, na sina elimu ya kubishana nao. Hata hivyo nafurahi kuwaza kwamba kuna Wakristo wa mwanzo waliosoma mstari huo na kuona ni jambo la kawaida kabisa mtume aliye kifungoni kuulizia mfuko wake wa vitabu.

Turudi kwenye ngozi yetu. Ng'ombe na mbuzi tunao, na mafundi wapo. Ngozi nene iliyotengenezwa vizuri ni ngumu, inadumu, na haipitishi kichwa cha chaja. Ila hakikisha imekauka na haina harufu. Ngozi isiyoiva vizuri huota ukungu msimu wa mvua, na ukungu huo huhamia kwenye kifaa na kwenye vitabu jirani. Usiipake mafuta upande wa ndani. Na kama bei yake inakaribia nusu ya bei ya kisomeo, rudi kwenye kaunta buku.

Sasa nijibu pingamizi mbili. Ya kwanza niliisikia kwa padre mmoja ninayemheshimu sana. Alisema, "Nyie vijana mnatunza vitu kuliko roho. Padre aliyeahidi maisha ya kawaida hahitaji mfuko wa kifaa, anahitaji kutojali kifaa." Kanuni ya 282 ya Sheria za Kanisa kweli inawataka makleri waishi maisha sahili na wajiepushe na yenye sura ya majivuno. Naikubali, na kwa sababu hiyo hiyo sipendi yale makava ya bei yenye misalaba ya dhahabu na herufi za kumeremeta. Pamoja na kupendeza kwake, yanamtangazia mwizi wa stendi kilichomo. Mfuko wangu unafanana na mfuko wa kubebea mche wa sabuni, na hakuna aliyewahi kuutazama mara mbili.

Lakini kutojali ni jambo jingine. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 31 ya Kanuni yake, anamtaka mtunza ghala wa monasteri avione vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Anasema hivyo kuhusu vyombo vya kazi, sufuria na majembe. Nayo Kanuni ya 1284 inawadai wasimamizi wa mali za Kanisa uangalifu wa baba mwema wa familia, wahakikishe mali haipotei wala haiharibiki. Kisomeo changu si mali ya Kanisa kwa maana ya kisheria, najua. Lakini kilitokana na jogoo wa mtu. Anayetojali kitu alichojinunulia mwenyewe labda ana roho huru. Anayetojali jogoo wa mjane, sijui tumwiteje.

Pingamizi la pili ni la wenzangu: simu inatosha, ya nini kifaa cha pili na mfuko wake? Kwa Masifu ya safarini simu inatosha, nami naitumia. Kwa kusoma kurasa arobaini za teolojia usiku umeme ukiwa umekatika, huku ujumbe ukiingia kila dakika, nawaachia wenyewe waseme ukweli wao.

Ninachowaomba waparokia ni kidogo. Mnapomchangia frateri au katekista kisomeo, ongezeni mfuko kwenye hesabu, na muulizeni atakibeba vipi. Nasema pia kwa ndugu zetu walio ng'ambo wanaotuma visomeo vilivyotumika: tunashukuru sana, tumeni na kava lake la zamani hata kama limechakaa, kwa kuwa huku kupata linaloingia sawasawa ni kazi. Na maktaba za seminari zinazoazimisha vifaa hivi zisikitoe kimoja nje ya mlango kikiwa uchi.

Nilirudi kwenye jumuiya Jumamosi iliyofuata. Sikuweza kungoja likizo iishe. Nilikiweka kisomeo kilichokufa juu ya meza, karibu na Biblia, nikasema kilivunjika lini na kwamba wiki iliyopita sikusema kweli. Palikuwa kimya kwa muda. Mama mwenyekiti alikichukua, akakigeuza, akaipitisha kucha yake juu ya mistari iliyoganda. Yule mzee wa elfu mbili akauliza kimevunjwa na nini, nikamweleza habari ya gunia na chaja. Akauliza, "Na huo mfuko ulikuwa wa nini?" Sikuwa na jibu, na watu wakaanza kucheka, nami nikacheka nao.

Hawakuninunulia kingine, na nisingekipokea. Ila mwezi uliofuata jumuiya ya jirani ilikuwa inamnunulia kisomeo binti anayejiandaa kuingia utawani, wa aina ile ile na saizi ile ile. Mama mwenyekiti aliniomba nimwachie kile changu. Alikipeleka kwa fundi wa cherehani jirani na soko, kikawa kipimo, na mfuko wa turubai ukashonwa juu yake kabla kisomeo cha binti hakijafika kutoka Dodoma. Mara ya mwisho nilipopita pale kilikuwa bado kwenye droo ya fundi pamoja na mikasi na chaki, kwa sababu ameshapata oda mbili nyingine.